Namba Kumi

Kabla ya yote, fagia sakafu.
Mchanga wa Furunzi huingia gerejini bila hodi,
na changarawe moja mbele ya gurudumu la stendi
yatosha kupindua kilo mia tatu na ushei za chuma
juu ya mguu wa mwana wa mtu.
Ndivyo alivyoniambia Fundi Shebwana.
Nami Nyevu nikafagia mara mbili,
ya pili kwa sababu alikuwa akinitazama.

Injini ilining'inia kwenye kreni:
dizeli, mitungi sita,
imetoka kifuani mwa gari la kupelekea wageni Tsavo,
vumbi jekundu limeigandia hadi mikunjoni.
Oili tuliimwaga jana.
Girboksi imelala kando juu ya tairi kuukuu,
klachi imetoka, flaiwili imetoka,
maana stendi huikamata injini mgongoni,
na mgongo haukamatiki
ukiwa bado na mzigo.

Nikaleta boliti nne kutoka kopo la maziwa.
Akazipima kwa ukucha.
"Hii fupi. Itashika nyuzi tatu,
ikudanganye mpaka adhuhuri.
Hii ndefu, itagota kabla haijakaza.
Hii imepakwa rangi. Jiulize rangi inaficha nini.
Hii ndiyo. Kalete ndugu zake watatu."
Nikazifuata duka la vyuma nyuma ya Soko la Zamani,
nikarudi nazo kwenye kipande cha gazeti,
vichwani zimeandikwa kumi nukta tisa.

Bwana Kalama, mwenye gari, alikuwa keshafika,
simu mbili, jasho moja.
"Fundi, Jumamosi nina wageni!"
"Jumamosi zipo nyingi," akajibu bila kuinua kichwa.
"Vidole havioti tena."

Tukaitanua mikono ya stendi kama kaa anayetishia.
Boliti kwanza kwa vidole, zote nne, legelege,
kisha spana, kwa msalaba:
juu kushoto, chini kulia.
"Tafuta moyo wake.
Si katikati ya macho, katikati ya uzito,
juu kidogo ya krenkshafti.
Ukiukosa, siku utakayoigeuza
itageuka yenyewe, na mpini utakuvunja taya."

Kisha kreni ikashushwa, pumzi kwa pumzi.
Mnyororo ukalegea upana wa vidole viwili,
ukaachwa hapo hapo umefungwa.
Stendi ikaguna.
Hata Bwana Kalama akanyamaza.
Tukasubiri, sijui tulisubiri nini,
mpaka kinu cha posho cha jirani kikamaliza debe zima.
Chuma kikikuangukia hakiombi radhi;
bora ukiombe wewe mapema, kwa kusimama kando.

Ndipo akaufungua mnyororo. Akachomoa pini,
akashika mpini, akaigeuza injini polepole,
tumbo juu.

Kitu kikalia *kling* sakafuni.

Soketi ndogo, nyeusi kwa masizi.
Nikaifuta kwa kanga yangu ya kazi.
Namba kumi.
Ubavuni mikato mitatu ya tupa, alama ya Shebwana.

Gari hili lilikuja mwaka juzi kubadilishwa pampu.
Mwaka juzi Karisa wa Charo alipekuliwa mifuko
mbele ya wateja, hapa, penye kivuli cha mlango,
kwa soketi hii.
Akaondoka bila kudai ujira wa wiki.
Sasa anapakia chumvi Gongoni.

Fundi akairudisha pini, akaitikisa mara mbili.
Akanawa kwa sabuni ya unga mpaka viwikoni,
akanawa tena.
"Nyevu. Nambari ya Karisa unayo?"
Ninayo.

Simu ikaita sana kabla ya kupokelewa.
Na yeye, aliyekuwa na neno kwa kila boliti,
akasimama ameikumbatia soketi kiganjani,
hajui pa kuanzia kukaza.