Chokaa

Batuli, umeuliza,
na mimi nitaeleza;
sitaficha wala kuza
neno lililofanyika.

Mizani ya zahanati
sindano haikuketi;
nesi kashusha sauti,
akazuia kucheka.

Nikapelekwa ghalani,
pa korosho na mizani;
kilo mia thelathini,
karani akaandika.

Sukari imenizidi,
goti linapiga hodi,
kila ngazi ni ahadi
ya pumzi kukatika.

Siki na mdalasini
mwaka mzima tumboni;
tano zikenda, mwendani,
saba zikajipachika.

Mombasa wakanilaza,
tumbo wakalipunguza,
matumbo wakageuza,
njia fupi wakaweka.

Tumbo ni finjani moja,
vijiko sita ni hoja;
cha saba, jasho lavuja
na moyo wapapatika.

Kaimati ya arusi,
nusu tu, kwa wasiwasi:
dunia ikenda kasi,
nikalalia mkeka.

Kilo zikaenda zake,
na sukari na mwenzake
presha, kila mtu kwake;
ngazi nikawa naruka.

Fundi Shee wa Langoni,
dera langu mkononi,
alisema, "Huyu nani?"
Mara tatu akafyeka.

Wapo walionong'ona,
"Ni ule ugonjwa, mwana."
Mbele yangu, "Safi sana!"
Nyuma, ndimi kuchomoka.

Nywele nazo, kwa mafungu,
katika kitana changu;
chini ya ushungi wangu
siri haikufichuka.

Nikapewa na vidonge,
kila kimoja ni tonge,
vya chokaa, nijijenge;
kidakani vikachoka.

Chupa ni bei ya mbuzi,
nami mzima, mjuzi:
nani ahitaji dozi
mwili ukichangamka?

Mwaka wa tatu, Shaabani,
natoka zangu uani;
sikuteleza, jamani,
ndoo ndogo nikashika.

Paka akanikimbia,
kilimbili kikalia
kama kuni ya kutia
motoni, ikivunjika.

Tabibu akainua
picha yangu penye jua:
mifupa imepungua,
nuru ikapenyezeka.

"Damu hudai chokaa;
mlo ukiikataa,
haijui kuzubaa,
mfupa huugeuka.

Ile njia fupi, mama,
haina pa kusimama
kununua vitu vyema
mwili unavyovitaka.

Na jua lote la Amu
mlangoni lina hamu,
mfupa umo saumu,
nawe umejifunika."

Kurudi, nikamkuta
Lali akipaka kuta;
mwiko unapitapita
pale palipomeguka.

"Nyumba," kasema, "hulishwa;
kila mvua hukumbushwa.
Ukiacha, hudondoshwa
jiwe kwa jiwe, miaka."

Mkono umekandikwa,
kwa shingo umetundikwa,
ukuta nao wapakwa:
tukawa ndugu wa rika.

Siku hizi, saa nne,
darini, jua lione
mikono yangu, ipone;
kama papa naanika.

Chuma hakina suluhi
na chokaa, asubuhi;
saa mbili huvisihi
visigombane kushuka.

Samaki mwanzo, na yai;
wali nyuma, na sidai;
mofa, kipande kwa chai,
siku nikisikitika.

Ninachokosa si wali,
ni sinia, na shughuli
ya mikono mbalimbali
pamoja ikizunguka.

Mie matonge matano,
kisha nanawa mkono,
na ndio kwanza maneno
ya watu yanafunguka.

Ukiuliza, najuta?
La. Mauti yaliita,
nami bado ninapita
Langoni, mwendo haraka.

Ila nenda ukijua:
kisu ni siku ya jua,
kisha miaka ya mvua,
ya ukuta kukandika.

Lali chini anabisha;
saa nne inakwisha;
chokaa anaishusha,
yangu nami nakumbuka.