Asiyebisha Hodi

Mgeni wa Mkomani
hukoma hapo dakani,
hodi tatu mlangoni,
husubiri kujibiwa.

Huyu hakubisha hodi,
kapenya kama baridi
na bando, eti zawadi,
nyumba ilipokomewa.

Asema yeye ni Sada,
rika lako, kama dada;
ataka picha, na shada,
ushungi umevuliwa.

Ukipiga hapokei,
sauti hakutolei,
uso haukutokei,
hataki mimi kujuwa.

Pengine ana mandevu,
ulimi wake mwerevu
na subira kama wavu;
ajuwa utavutiwa.

Sikunyang'anyi simuyo;
nieleze, Zena, hayo,
hata ya kuvunja moyo,
hapana kulaumiwa.

Ila usiku ilale
kidakani, juu kule,
na imulike milele:
hatakuja funguliwa.

Mkomani, Lamu