Safu ya Baba

Mabela, ghorofa ya pili, kiyoyozi kinakoroma.
Cheti cha mama nimekilaza mezani,
kila pembe nimeibana kwa kikombe cha kahawa,
maana karatasi ya Wete, mwaka hamsini na moja,
bado inataka kujikunja kama ilivyozoea
kwenye mkebe wa biskuti.

"Mk." nimeshaielewa: mkunga, si mkulima,
kwa kuwa jina linalofuata ni la mwanamke.
"K.g." ilinila siku mbili,
hadi nikaona chini yake wino uliotapakaa,
mistari ya ngozi, duara ndani ya duara:
kidole gumba cha bibi Shinuna.
Nakijua. Kilikuwa kikinibana shavu.

Sasa safu ya baba.
Jina hakuna. Karani ameandika, kwa penseli,
h.k.j.
kisha akaita anayefuata.

Ami Sleyum anasema ni Harith Khalfan Jabri.
Shajara aliyoitundika sebuleni kwake Ibra
imeshamchorea tawi, na jani la kijani.
Kwa jani hilo tulipata pasi.

Lakini huyu karani ni mtu wa chuoni;
akiwa na haraka huandika mifupa tu,
nyama ya irabu amwachie msomaji.
Ukurasa huohuo, mkono uleule,
"mtt." ni mtoto, "shmb." ni shamba.
Haya, nami nitie irabu:
hakuja.
Baba hakuja. Bibi alikwenda ofisini peke yake,
mtoto mgongoni, kidole tayari.

Au penseli ilichoka katikati ya neno, na neno ni
hakujulikana.
La kwanza linamwacha njiani, pengine mvua imemshika.
La pili halimwachii hata njia.

Namwita mama. Anakuja na unga wa chapati viganjani,
hataki miwani, hataki kioo changu cha kukuzia.
"Mama aliniambia," anasema,
"karani alimuuliza mara tatu.
Mara zote tatu alinyamaza."

Nikahesabu herufi.

"Na Ami Sleyum tumwambie nini?"
Hakunijibu. Alinyanyua kikombe kimoja,
akaimaliza kahawa yangu, baridi vile vile,
na pembe ile, ikiwa imeachiwa,
ikajikunja taratibu juu ya penseli.