Mate ya Mzee wa Barafu

Nakalia kreti ya soda nyuma ya pazia,
maikrofoni imefungwa kwa mpira wa baiskeli,
natafsiri katuni za Kijapani
hapa Kaptembwo, bandani kwa Olunga,
kiingilio shilingi ishirini,
kumi ukija na kiti chako.

Kijapani sikijui. Nasoma Kiingereza
kinachopita chini ya picha mbio kama panya,
na kinachonipita nakijaza mwenyewe.

Malkia wa Nyota Saba nilimpa utenzi.
Aliyezaliwa ndani ya meli ya dhahabu,
ambaye nyayo zake hazijaonja vumbi,
hawezi kusema kama sisi:

     Mimi mwana wa nyotani
     sijazoea pembeni,
     semeni mwataka nini
     kabla jua kuzimika.

Wachimba barafu wa mwezi wa nne
niliwapa lugha ya machimbo ya mawe, kule Rhonda:
"Maji, mathe. Barafu tunachimba sisi,
halafu mnatuuzia kikombe bei ya figo."
Banda likapiga makofi hadi mabati yakaitika.

Ijumaa ikafika sehemu ya mkataba.
Mzee wa barafu akapanda ngazi mia,
viraka magotini, mawaziri wameziba pua.
Hakuinama. Kwao kuinama ni kazi, si salamu.
Akaushika mkono wa malkia
akautemea mate.

Picha ikaganda, jicho moja tu likitetemeka.

"Matusi!" akalia Nasambu wa mitumba.
"Baraka hiyo!" Kipsigei amesimama,
kivuli chake kimemfunika malkia mzima.
"Babu yangu kule Njoro alinitemea hivyohivyo
asubuhi ya kwenda shule ya bweni.
Na huyu anatoka pasipo maji!
Pigeni hesabu, ametoa nini."

Nilikuwa na sekunde mbili.
Maandishi yalisema vita.
Nikamtia malkia maneno haya mdomoni:

     Upanga naweka chini,
     rudini mwenu nyumbani,
     maji nawapa mtoni,
     hakuna wa kuteseka.

Kisha mizinga ikafyatuka.
Picha haimsikilizi mfasiri.
Mwezi wa nne ukapasuka kama yai
na amani yangu bado inakwaruza kwenye spika.

Hakuna aliyedai pesa zake.
Kipsigei ndiye aliuliza, polepole,
kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichoweza kununua:
"Sasa kama alielewa, mbona amepiga?"

Sikumjibu. Nilizima taa, nikakunja waya.

Nilikuwa na miaka sita
tulipolala uwanja wa maonyesho,
kichwa changu juu ya gunia la kabeji.
Usiku wa kuamkia siku ile, kule Molo,
jirani alikuja mlangoni, akasema neno moja
kwa lugha yake, kwa sauti ya chini, kwa haraka.
Baba alisikia kitisho. Akalishika panga,
akaketi akingoja.
Neno lilikuwa "kimbieni".
Mama alikuja kulijua maana yake miaka minne baadaye,
sokoni, kwa mwanamke aliyekuwa akimfukuza mbuzi wake kwenye viazi.
Aliacha kikapu pale pale.

Jumamosi Kipsigei alikuja mapema,
hana kiti, amelipa ishirini kamili.
Akapita upande wa pazia.
"Turudie ile ya jana.
Leo mzee nitamsema mimi, kwa Kikalenjin.
Wewe nifuate na Kiswahili, usinitangulie."

Olunga alinung'unika juu ya tokeni za umeme
lakini akairudisha picha nyuma:
yai likajishona, mizinga ikameza moto wake,
mate yakaruka kutoka mkononi
yakarudi kinywani mwa mwenyewe.

Tulijua itafyatuka tena, vilevile.

Nikasogea. Kreti ikalia kwa uzito wa wawili.
Akaipangusa maikrofoni kwa mkono wa shati,
akakohoa, akangoja.
Mzee yuko chini kabisa, ngazi ya kwanza,
mguu mmoja umeinuka.