Kisanduku Namba Kumi na Nne

Fomu imetoka wilayani na mhuri wa zambarau.
Namba kumi na nne: Historia fupi ya shule,
maneno yasizidi hamsini.
Kisanduku chenyewe kipana kama kiberiti.

Naandika: Shule ya Msingi Mbogolo ilianzishwa 1951.
Kalamu inagoma.
Ilianzishwa. Kitenzi hiki hakina mikono.

Mikono ilikuwepo. Ilikata miti, ikapanga fito,
ikamwaga udongo juu ya paa bapa la tembe,
na mvua ya Januari ilipokatika nje
ndani iliendelea kunyesha siku mbili.
Wavulana kumi na tisa. Madawati: magoti.
Mwalimu: Danyeli Mhogolo, mshahara wake
shilingi za misheni zilizochelewa
na debe la uwele lililowahi.
Ubao ulikuwa mlango wa lori, umepakwa masizi.
Kengele, rimu ya trekta.
Vyote vilitoka Kongwa, kule wageni walikolima karanga,
ardhi ikawakatalia, wakaondoka.
Wao hawakuvuna karanga.
Sisi tulivuna vyuma.

Sabini na moja, mwaka wa kuhama.
Gari la serikali likabeba ubao, rejesta,
boksi la chaki, kiti cha mwalimu, mwalimu.
Rimu ikaachwa ikining'inia.
"Nzito hiyo," alisema dereva,
"kule mtapewa kengele ya kweli."
Kule hakukuwa na hata kivuli.

Siku ya tatu, watu wangali wanang'oa visiki,
walisikia chuma kikisaga kokoto,
kisha vumbi, kisha mtoto:
Sechelela wa mzee Ng'hambi, miaka kumi, labda kumi na mmoja,
mchunga mbuzi,
anasukuma rimu kwa viganja viwili vilivyochubuka,
maili tisa, pamoja na korongo
lililoibonyeza upande mmoja.
(Ndiyo maana hadi leo ina sauti mbili.
Gonga kushoto, inaita. Gonga kulia, inakohoa.)

Wakamuuliza: nani kakutuma?
Akasema: mbuzi.
Wameizoea. Ikilia mara ya pili
ndipo wanajua ni saa ya maji.

Nimemtafuta kwenye rejesta, jalada hadi jalada.
Hayumo.
Wamo kaka zake wanne, na wino mwekundu mbele yao:
mtoro, mtoro, surua, mtoro.
Yeye nimemkuta kwenye daftari la kisomo cha jioni,
mwaka wa sabini na sita, kona imeliwa na mchwa:
"Sechelela N. Anasoma vizuri. Hataki mtihani."

Nayo mengine nitayatia wapi?
Upepo wa themanini na nane uliopeleka mabati matatu
hadi shambani kwa Mazoya, naye akayaezekea zizi,
akayarudisha siku mwanawe alipofaulu.
Miaka ya kuchota maji kwenye mchanga wa mto
kabla ya kuchota herufi.
Na ile asubuhi ada ilipofutwa,
watoto mia mbili na arobaini wa darasa la kwanza
wamesimama kimya kwenye vumbi, wengine na vigoda vyao,
mwalimu mmoja mbele yao hana la kusema.
Nilikuwa mimi. Niliingia ofisini, nikafunga mlango,
nikalia kidogo, nikatoka na chaki.

Basi nimeandika ya kuandikwa:
mwaka, uhamisho, idadi ya vyumba,
matundu ya choo, ambayo hayatoshi.
Nahesabu kwa ncha ya kalamu: arobaini na sita.
Nje ni saa nne. Zamu ya darasa la tano kugonga;
wamegonga kulia, inakohoa,
na kule bondeni mbuzi wa watu wanainua vichwa.

Yamebaki maneno manne.
Rimu ilikuja kwa miguu.

Afisa atanipigia simu, najua,
atauliza kama ni kosa la uandishi.