Mia Mbili za Uzi

Mkoba uliungua upande wa kulia,
tundu la ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini,
na kwa tundu hilo mvua ya Aprili, Barabara ya Jogoo,
iliingia ikayaosha meno ya watu bila ruhusa.

Mimi hubeba meno. Usicheke.
Meno ya bandia, kutoka kwa fundi wake kule Ngara
hadi kliniki za Buruburu, Donholm, Embakasi,
kila seti kisandukuni mwake, jina la mwenyewe juu.
Siku ile majina yalitiririka wino
nikafika Donholm na tabasamu sita zisizo na wenyewe.

Njia nzima ya kwenda Kariobangi nilipanga uongo.
Nitasema mshono ulikatika. Nitasema turubai ni bovu.
Nitasema elfu nne na mia tano si pesa ya kuokota.
Sitasema kwamba mwezi uliopita
niliing'oa ekzosi iliyokuja na pikipiki
nikafunga nyingine, nene, iliyobinuka nyuma,
kwa sababu tu ilinguruma kuishinda ya Odipo.

Syombua alikuwa kwenye cherehani,
pini tatu mdomoni, redio ikitaja bei ya unga.
Hakuuliza risiti.
Alitemea pini kiganjani, akauliza:
"Meno yalilowa?"

Hapo nusu ya hotuba yangu ikanitoka.

Akaugeuza mkoba ndani nje kama anayechuna sungura,
akapitisha kidole ukingoni mwa tundu
pale turubai lilipokunjamana, gumu, jeusi.
Akakinusa kidole.
Akatoka nje, akachuchumaa kando ya pikipiki,
akaitazama ekzosi. Akanitazama mimi.
Nyundo za mafundi bati wa jirani zikajaa kati yetu.
Nikasubiri.

"Hili kosa langu," akasema.
"Nilikushonea bila kupima bomba lako lilipo."

Alipima. Mara mbili alipima,
na ncha ya utepe niliishika mimi.

Akaniazima mkoba wa kijani, wenye jina la mtu mwingine,
akasema nenda, kazi isilale.
Siku ya tatu akanipigia simu yeye mwenyewe:
kiraka cha ngozi, kipande cha bati ndani yake,
na fremu imesogezwa, vidole vinne mbali na moto.
Tena kuna kifuko cha nailoni cha kutilia karatasi ya majina,
ambacho sikukiomba.
"Ngapi?"
"Hakuna. Nenda salama."

Nimezoea wauzaji wanaoniita bosi, mkubwa, damu yangu,
mpaka noti ihame mfuko;
ukirudi kesho na zipu mkononi
wanakuuliza wewe nani.
Kwa hao nilikuwa na maneno tayari.
Kwa huyu sikuwa na neno.

Wiki mbili nilibeba meno makavu na moyo uliolowa.
Kila nilipokaza mikanda nilikiona kile kiraka
kimetulia pale, kahawia, hakinishtaki.
Ekzosi nayo ilinguruma vilevile
lakini nilianza kuisikia kama mtu anayesengenya.

Jumamosi, kabla hajafunga, nikarudi.
Nikamwambia yote: bomba, Odipo, mngurumo.
Hakuinua macho kwenye sindano.
"Nilijua. Uzi hukatika kwa sababu mia.
Turubai halijichomi."

"Mbona basi hukusema?"

"Tungekaa hapa tukibishana mpaka jioni,
na yule bibi wa Donholm anakunywa uji hadi lini?"

Akamaliza mshono, akaukata kwa meno yake,
akafikiri kidogo.
"Lakini maadamu umesema mwenyewe,
lete mia mbili za uzi."

Nikatoa mia tano. Akanirudishia mia tatu,
akachukua kitabu, akaandika polepole:
uzi, 200. Imelipwa.

Risiti hiyo ninayo. Imekaa kwenye kifuko cha nailoni,
juu ya majina ya wenye meno,
wala hailowi.