Dede

Ukumbini kwetu Ibra, baada ya alasiri,
kiyoyozi kikikoroma kama paka mzee,
watu wawili wanajifunza kutembea.

Mmoja ana miezi kumi na moja.
Jina lake Yakdhani, yaani aliye macho,
na kila usiku anatuthibitishia.
Wa pili ni Bi Shinuna, mama wa mama yangu,
miaka themanini, na nyonga mpya ya chuma
aliyowekewa Maskati mwezi wa Shaabani.

"Simama dede!" tunamwambia mtoto.
Anaachia kochi. Anatikisika.
Makalio yanarudi kwenye zulia, puu,
naye anatukagua nyuso mmoja mmoja
ajue kama hili ni la kulia au la kucheka.

Bibi hatumwambii dede. Tunaona haya.
Tunamwambia "taratibu", tunamwambia "bismillahi",
na Biju, kijana wa mazoezi kutoka Kerala,
humwambia "shwaya shwaya, mama,"
akirudi kinyumenyume, mikono mbele,
kama anayemwita njiwa.

Bibi mwenyewe ndiye aliyelitamka.
Juzi, kakamata kitembezi, magoti yanamcheza:
"Haya, nitazameni. Dede."
Akacheka hata meno ya bandia yakalegea.

Mimi sikumjua akiwa hajui.
Kwangu mimi alizaliwa mtu mzima,
na funguo zake za gari mkobani.
Kumbe alishuka Seeb ana miaka thelathini,
watoto watatu, sanduku moja,
Kurani kaihitimu tangu yuko Wete
lakini hajui kumwambia muuza duka: nipe chumvi.
Alilamba kiganja. Akaonyesha rafu kwa kidole.
"Mwaka mzima," anasema,
"nilikuwa mtoto mchanga mwenye watoto."

Kisha darasa la usiku, kiti cha mwanafunzi wa kwanza,
mapaja yamebanwa chini ya meza,
mawifi wanacheka nyuma ya mlango.
Kusoma alijua; kuandika, kamwe.
Barua yake ya kwanza, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu,
aliipeleka kwa mama yake,
ambaye hakujua kusoma,
akailaza chini ya mto, wanasema, mpaka ikachakaa.

Na leseni! Hamsini na mbili, nywele zishaanza mvi.
Mtihani wa mapipa ulimwangusha mara nne:
pipa la kushoto, la kushoto, la kulia,
tena lile lile la kushoto.
Mara ya tano akarudi nyumbani hasemi neno,
akachinja majogoo mawili.
Wakajua.

Sasa Kiarabu kinamtoka.
Kinaondoka kwa adabu, kama wageni,
wa mwisho kuingia wa kwanza kuaga.
Jana alimwita jirani kwa Kipemba,
na jirani, binti wa watu, akaitikia hivyo hivyo, "Naam, naam."
Chumvi daktari kamkataza,
lakini neno lake bado analo.
Anasukuma bakuli la uji:
"Milhi," anasema. "Wapi milhi?"
Na Yakdhani, mdomo umejaa uji uo huo,
anajaribu: mi. Mi.

Leo mtoto katambaa mpaka kwenye kitembezi,
kashika mguu wake mmoja, kajivuta, kasimama.
Bibi akaacha kusukuma, asimburute.
Wakabaki hivyo, bati jepesi kati yao,
kila mmoja akimngoja mwenzake aanze.

Mimi nilikuwa natoka jikoni
na birika la kahawa, vikombe sita, sahani ya halwa,
nawaza bili ya umeme.
Nani alinifunza haya,
kwenda huku nimebeba kitu cha moto
na akili iko kwingine?
Nikainama kuitazama miguu yangu,
mguu upi hutangulia,
na kwa mara ya kwanza tangu sijui lini
nisijue.

Kahawa ikamwagika.
Wakanigeukia wote wawili,
wananikagua uso.